Ngazi Sitini na Nne

Mama mkwe wangu alinifungia ndani kwa upendo, na hilo ndilo lililonishinda. Mtu akikufungia kwa chuki unajua pa kuanzia: unapiga nduru, unaita majirani, unamwambia maneno yake yote. Lakini mtu aliyekuchemshia uji wa wimbi alfajiri, akakufunika miguu kwa leso yake mwenyewe, kisha akatoka polepole na kutia kufuli kwenye geti la chuma la mlangoni ili usije ukashuka ngazi, huyo utamwambia nini?

Naitwa Nthambi. Tunakaa Kayole, orofa ya nne, sebule na chumba kimoja cha kulala. Chini kabisa kuna kinu cha posho kinachosaga mahindi tangu asubuhi hadi jioni, kwa hiyo hata ukipiga hiyo nduru hakuna wa kuisikia. Kutoka mlangoni kwetu hadi chini ni ngazi sitini na nne, kumi na sita kila orofa. Nazijua kwa sababu nilizihesabu kila siku kwa amri ya daktari, kushuka na kupanda, mpaka siku niliyokatazwa.

Nieleze ugonjwa wangu mapema, maana nisipoeleza watu huanza kukisia. Damu yangu inaganda ovyo. Ile kinga ya mwili inayopaswa kupigana na magonjwa imenigeukia mimi mwenyewe, na inaifanya damu ishikane mahali isipotakiwa. Ugonjwa una jina refu ambalo daktari aliliandika kwenye karatasi. Nikaikunja karatasi, sijaifungua tena. Sista Wacuka, muuguzi wa kliniki ya wajawazito, ndiye aliyenieleza kwa lugha ya jikoni. "Si unajua uji ukikaa kwa sufuria bila kukorogwa vile unashika ngozi? Damu yako ndiyo hiyo. Usiiache ikae."

Kabla ya kujua hayo nilikuwa nimepoteza mimba tatu. Mbili zilitoka mapema. Ya tatu ilifika wiki ya ishirini na mbili, mvulana, na nilimwona uso. Daktari alisema mishipa ya kondo la nyuma ilizibwa na mabonge ya damu na chakula hakikumfikia mtoto. Majirani walisema yao, na kwa kuwa mimi ni Mkamba na mume wangu ni Mbukusu, wako walionong'ona kwamba nilitoka kwetu na vitu vya uchawi.  

Mimba hii ya nne nilipewa dawa mbili. Aspirini ndogo, kidonge kimoja kila siku. Na sindano, ambayo huja ikiwa imejazwa tayari, fupi kama penseli iliyochongwa sana. Najidunga mwenyewe tumboni saa nne asubuhi, leo upande huu, kesho upande ule, na sisugui baadaye. Juu ya hayo ninywe maji na nitembee. Sista alirudia hilo la kutembea mara tatu, akinishika kidole kimoja kimoja kama mtoto wa chekechea.

Griffins, mume wangu, ni dereva wa lori. Hubeba saruji hadi Juba, na safari moja humla wiki mbili, wakati mwingine tatu. Nilipofika wiki ya ishirini aliogopa kuniacha peke yangu, akamwita mama yake kutoka Bungoma. Mama alikuja na kuku wawili, gunia la wimbi, mboga za kienyeji za kulisha wapangaji wa ploti nzima, na hadithi moja aliyoitoa jioni baada ya kula. Kabla ya Griffins alipoteza wawili. Aliposhika mimba ya tatu, bibi mmoja wa kijijini alimlaza kitandani miezi mitano, mlango umefungwa kwa nje, chakula kikipitishwa dirishani. Griffins akazaliwa mzima.

"Mimi sikusoma," aliniambia. "Lakini hiyo nimeiona kwa macho yangu."

Utabishana vipi na mtu ambaye ushahidi wake ni mume wako?

Siku ya pili alinikuta sebuleni nimeinua blauzi, sindano mkononi. Akaona tumbo lenyewe, alama za bluu na kijani kila upande, maana dawa hii huacha alama. Hakupiga kelele. Aliketi sakafuni pale pale, akalia bila sauti.

"Mwanangu, unamdunga mtoto."

Nikamweleza kuwa haifiki kwa mtoto, inaishia kwenye mafuta chini ya ngozi. Nikampigia Griffins, nikaweka simu kwenye spika. "Mathe, relax," akasema. "Hiyo sindano ndio imeshikilia huyo mtoi." Mama akaitika ndiyo, ndiyo, vizuri. Simu ilipokatika akanigeukia. "Ukimdunga tena mbele yangu nitafunga mzigo wangu nirudi nyumbani. Na watu wakiniuliza kilichonirudisha, sitadanganya."

Basi nikaanza kujidungia chooni. Hapo pia palifungwa. Wiki ya ishirini na nne aliniona nimeshika ukuta kwa kizunguzungu, na kuanzia siku hiyo alinisindikiza mpaka chooni, mlango ukiachwa nusu wazi, yeye amesimama nje akiimba pambio. Usiku alilala nami kitanda kimoja, mkono wake juu ya tumbo. Siku hiyo hiyo ndipo kufuli lilipoingia getini na ngazi zangu zikaisha. Nilikuwa nalala, nageuzwa, nalishwa, nalala. Nyumba ilinipungukia kila siku, mpaka nikawa na kitanda na dari tu, na kwenye dari doa la maji ambalo nalijua kuliko uso wangu.

Sasa niseme kosa langu, maana ni rahisi kumtwika mama wa watu kila kitu. Dawa yangu hakuna aliyeninyang'anya. Sindano zilikuwa kabatini, chini ya sweta, hatua nne kutoka kitandani. Ningeweza kusimama nikasema, Mama, funga mzigo ukitaka, mimi najidunga. Sikusema. Nimelelewa kwamba mama mkwe habishiwi, na baada ya kumpa mwanawe makaburi badala ya watoto nilijiona sina mdomo. Siku za kwanza niliiba nafasi, Mama akiwa jikoni au maombini, kisha nikaacha hata kuitafuta. Ijumaa sikujidunga. Jumamosi sikujidunga. Jumapili wageni wa kanisani walikuja kuniombea wakajaa hadi mlangoni. Jumatatu nilijiambia siku moja zaidi haiui mtu. Nilichagua heshima, na nilijua ninachofanya.

Kila Jumanne na Alhamisi Mama alienda maombi ya akina mama, saa tatu hadi saa saba, simu ikiwa imezimwa. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, lakini siku hizo mbili alimwachia Mzee.

Mzee Wekulo ni baba mkwe wangu. Alikuwa Nairobi akingoja kupasuliwa macho, maana yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na kwetu aliweza kushinda lakini si kulala. Kwao baba mkwe halali chini ya paa la mwanawe. Hampi mke wa mwanawe mkono, hali naye meza moja, haingii chumba anacholala huyo mke. Tangu niolewe, miaka sita sasa, sikuwahi kumgusa hata kidole. Alilala Makongeni kwa mpwa wake, kwenye nyumba za reli, na siku za zamu yake alifikishwa mlangoni kwetu na Jimale mwenye duka la chini. Angeketi kwenye kigoda nje ya geti, fimbo kati ya magoti, mgongo wake kwangu. Mgongo huo ndio niliokuwa nauona mimi, koti la kijivu lenye kiraka begani.

Jumanne hiyo Mama alipoondoka tu nilishuka kitandani nikachukua sindano. Nilijidunga. Ndipo nilipoutazama mguu wa kushoto. Tangu usiku ulikuwa unauma kwa nyuma, nikadhani ni kulala vibaya. Sasa ulikuwa umevimba kutoka paja hadi kifundo, unang'aa, mwekundu wa kuiva. Nikauweka kando ya wa kulia. Ungedhani ni miguu ya watu wawili.

Nikampigia Sista Wacuka, nikamwambia nimevimba.

"Nthambi, nisikize. Imevimba yote ama mmoja?"

"Mmoja. Wa kushoto."

"Uko na moto?"

"Kama pasi."

"Usiukande, usiweke kitu. Hiyo damu imeganda, na ikitoka hapo inapanda kwa mapafu. Usingoje bwana, usingoje mtu. Toka sasa hivi ukuje."

"Siwezi, Sista. Nimefungiwa."

"Umefungiwa na nani?"

"Na watu wanaonipenda."

Simu ya Griffins haikushika. Simu ya Mama ilikuwa imezimwa. Majirani wa orofa yetu wote wako kazini viwandani hadi jioni. Niliita mara mbili kupitia dirisha la jikoni, na kinu kikaila sauti yangu. Mtoto akacheza, teke moja chini ya mbavu, na nikaogopa kwa namna ambayo sijawahi kuogopa. Wale watatu waliondoka bila mimi kujua. Huyu alikuwa hai, na mimi nimesimama nikisikia anavyokwenda.

Nikajikokota hadi getini.

"Baba."

Sikuwahi kuanzisha maneno naye. Bega lenye kiraka lilishtuka.

"Naam, mama."

"Nataka kwenda hospitali. Nifungulie."

"Mama Griffins anarudi saa saba."

"Saa saba ni mbali."

"Alisema utaomba," alisema, bado amenipa mgongo. "Alisema hata ukilia nisifungue. Kwamba hiyo ni tabu ya kulala sana, kila mwanamke huipata."

"Mguu umevimba, Baba. Daktari alinikataza kulala. Alinikataza tangu mwanzo."

Alizungusha fimbo kati ya viganja vyake.

"Yule kijana wenu," alisema mwishowe, "mlipomleta nyumbani kwa sanduku dogo, ni mimi niliyemchimbia. Niliwakataza vijana wasichimbe. Kaburi fupi hivi. Mama, mimi sitaki kuchimba tena. Nikifungua hapa, ushuke, uanguke, nitajibu nini?"

Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga. Mzee wa watu alikuwa amekalia mlango wangu kwa hofu ile ile iliyokuwa imenishika mimi. Nikakishika chuma cha geti, nikamtazama kisogo, na ndipo nikakumbuka kiraka kile. Griffins aliwahi kuniambia kuwa koti lile liliungua kiwandani. Mzee alifanya kazi kiwanda cha sukari miaka ishirini na sita.

"Baba, kule kiwandani ulikuwa idara gani?"

"Kwa nini?"

"Nijibu tu."

"Mabomba. Nilikuwa fundi wa mabomba."

"Umeme ukipotea katikati ya kazi, ile sukari ya moto iliyo ndani ya bomba inakuwaje?"

"Inaganda." Alijibu bila kufikiri, kama mtu anayeulizwa jina lake. "Mashine ikisimama ni lazima ukimbie ufungue valvu, uipitishie mvuke. Ukichelewa inashika. Ikishika kabisa unakata bomba unatupa."

"Na ukiamua kuiacha ipumzike?"

"Sukari haipumziki ndani ya bomba, mama. Ipumzike kwani inafanya..."

Akaishia hapo.

"Damu yangu ndiyo hiyo, Baba," nikamwambia. "Sindano ndiyo mvuke. Kutembea ndiyo mashine. Mmenisimamisha siku kumi, na mvuke nimeukosa siku nne."

Fimbo ikaacha kuzunguka. Kisha Mzee Wekulo akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu niolewe. Aligeuka. Macho yake yalikuwa na weupe wa maziwa yaliyochanganywa maji, na sidhani aliniona zaidi ya kivuli, lakini alinielekezea uso wake wote. Akatoa ufunguo mfukoni. Ukagonga kufuli hapa, ukagonga pale.

"Kushoto kidogo, Baba. Chini. Hapo."

Kufuli likafunguka.

Aliita kwanza, hilo niliseme. Alisimama kileleni mwa ngazi akaita kwa sauti ya mtu wa kiwandani, "Jimale! Nani huko!" Kinu kikanguruma. Hakuna aliyejibu. Akanyoosha fimbo nyuma yake bila kuniangalia.

"Shika upande huo. Mimi nashika huu. Twende polepole."

Ndivyo tulivyoanza kushuka, yeye mbele, mimi nyuma, fimbo katikati, ili asiniguse. Nikaona jambo ambalo sikulifikiria: hakuona ngazi. Alikuwa akipapasa kila moja kwa ncha ya kiatu. Siku zote Jimale ndiye aliyempandisha na kumshusha. Nikaanza kumhesabia. Moja, Baba. Mbili. Tatu, hiyo imemeguka ukingo, kaa upande wa ukuta. Nilikuwa nazijua zote, ipi fupi, ipi ina maji, ipi haina chuma cha kushika. Kumi na sita, hapa ni tambarare, geuka kushoto. Kumi na saba. Mguu ulikuwa mzito, kila hatua ukiuma mpaka mfupani, lakini tulishuka.

Thelathini na saba, kitu kikanichoma kifuani. Nilivuta pumzi ikaishia nusu. Nikavuta tena, ikaishia mapema zaidi. Niliachia fimbo nikakaa chini kwenye ngazi.

"Baba, siwezi. Pumzi."

Alisimama ngazi moja chini yangu, uso kwenye ukuta, mkono umeshika ncha ya fimbo isiyo na mtu. Niliona midomo yake ikienda lakini sikusikia. Labda alikuwa akiwaomba radhi wazee wake, labda alikuwa akihesabu atakayolipa nyumbani kwa kuvunja mwiko. Kisha akafungua vidole. Fimbo iliteremka ngazi kwa ngazi, ikigonga, mpaka ikanyamaza huko chini. Akainama, akanipapasa bega, mgongo, akapitisha mkono chini ya magoti, akaninyanyua mimi na mtoto na mguu wangu ule. Alinuka sabuni ya mche na tumbako. Nilihisi moyo wake ukipiga kwenye mbavu zangu, mbio sana kwa mtu wa umri wake.

"Mimi sioni, mama," alisema. "Wewe hesabu."

Nikamhesabia sikioni. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Kila nambari ilinigharimu pumzi niliyokuwa nayo, na baada ya kila nambari mguu wake ulishuka mahali nilipomwambia pana ngazi. Hamsini na mbili ni fupi. Hamsini na tatu. Kinu kilikaribia, unga ukaingia puani, mlango wa chini ukawa mweupe kwa jua. Nilifika sitini na kitu. Baada ya hapo sikumbuki.

Jimale ndiye aliyetukimbilia akiwa bado na mizani ya sukari mkononi, akatupeleka hospitali kwa gari lake, ndivyo alivyonisimulia baadaye. Bonge kubwa lilikuwa kwenye paja, na kipande kilikuwa kimeshapanda kwenye pafu. Waliniwekea oksijeni, wakaongeza ile sindano hadi mara mbili kwa siku, dozi kubwa. Nilipofumbua macho kitu cha kwanza nilichosikia ni mashine iliyowekwa tumboni, moyo mdogo ukienda mbio, haujali chochote. Nikalala nikiusikiliza. Sikuomba kitu kingine siku hiyo.

Mama alifika saa nane akiwa na kitambaa cha maombi kichwani. Alikuwa amesimama miguuni pa kitanda daktari alipouliza.

"Sindano ulikosa ngapi?"

Ningeweza kusema moja. Ningeweza kusema nilisahau.

"Nne," nikasema.

"Kwa nini?"

Sikumtazama mtu. "Niliona haya."

Daktari aliandika, akaondoka. Mama alipeleka mkono shingoni, akaitafuta ile kamba ya kiatu, akakumbuka kwamba ufunguo ulibaki kwa Mzee. Mkono wake ukabaki pale shingoni bila kazi.

"Si wewe wa kuona haya," alisema.

Asubuhi iliyofuata muuguzi alipokuja na sindano, Mama aliinuka. Nilidhani anatoka nje. Badala yake alisogea karibu, akamuuliza muuguzi, "Nifundishe pa kushika." Akafundishwa kuifinya ngozi kwa vidole viwili, mbali na kitovu, na kuishikilia mpaka dawa iishe. Aliishika. Macho aliyafumba kabisa, machozi yakipita kando ya pua, lakini vidole havikulegea. Tangu siku hiyo hakuna aliyenishikia vizuri kama yeye.

Binti yetu alizaliwa wiki ya thelathini na saba, mdogo, mwenye hasira. Griffins alimwita Nabiswa, jina la nyanya yake, na mimi nikamwongezea Kavinya ili kwetu wasinune.

Sijapona. Hilo daktari hakunificha. Huu si ugonjwa wa kupona, ni wa kuishi nao, na zipo siku nalitazama lile doa darini nikaona kwamba kufuli halijatoka, limehamia ndani yangu. Sindano nitaendelea nazo mpaka wiki ya sita baada ya kuzaa, kisha vidonge vya kuzuia damu kuganda, vya maisha yote, na kila mara kupimwa damu isiwe nzito, isiwe nyepesi kupita kiasi. Mpaka mboga za majani zina masharti na vidonge hivyo: si kwamba nisile, ila nisile leo sufuria nzima na kesho nikose. Mama aliposikia hivyo alitafuta kikombe kimoja cha bati, akakitia alama kwa msumari. Murenda, kunde, sukuma, chochote, ni kikombe hicho. Akizidisha anapunguza kwa kijiko, kwa makini kama mhasibu.

Mzee alipasuliwa macho. Wiki tatu baada ya mtoto kuzaliwa alipanda kuja kutuona, peke yake, bila Jimale. Nilimsikia akija, kiatu baada ya kiatu, bila kupapasa. Hakunipa mkono. Mambo ya siku ile yatatengenezwa nyumbani na wazee, Mama ameshaniambia, na mimi sina neno. Aliketi kwenye kigoda chake nje ya geti lililo wazi, akanipa mgongo kama zamani. Nikamweka mtoto kwenye mkeka hatua mbili kutoka kwake, nikarudi nyuma. Akamchukua.

Alimtazama kwa muda. Nilijua anamtazama kwa sababu kisogo kiliinama na hakikuinuka.

"Mama," akasema. "Ngazi ni ngapi?"

"Sitini na nne, Baba."

"Nimezihesabu leo kwa macho. Ni kweli." Akamfunika mtoto mguu uliochomoza. "Siku ile ulinihesabia mpaka sitini na tatu. Ukanyamaza. Nikasimama hapo, mguu hewani, nimekubeba, nikasikia umekuwa mzito. Sikujua kama imebaki moja au zimebaki kumi. Sikujua kama nimebeba watu wawili au sijabeba mtu."

Sikulijua hilo. Miezi yote hiyo sikulijua.

Kinu kilikuwa kikisaga huko chini. Mtoto akapiga chafya. 

"Sitini na nne, Baba," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole, mara moja, kama mtu aliyekanyaga chini. Kisha akaokota fimbo akagonga geti mara mbili. Ilikuwa saa nne, saa ya sindano, na Mama alikuwa ameshaanza kunawa mikono.